Sentimita Sitini Zilizoninyima Usingizi

Nimeipanda! Nimerudi mwaloni sasa hivi, suruali imelowa hadi magotini (kosa langu, nitaeleza), mikono ingali inanuka petroli, na kabla sijatia hata chai mdomoni nawaandikia nyinyi wenzangu mnaougua ugonjwa wa boti. Ile boti tuliyoisikia kwa miezi, ile iliyokuwa ikijengwa bondeni nyuma ya mabati ambako majirani walidhani kuna zizi la mbuzi, imeingia Ziwa Kivu. Haina jina. Ubavu wa kushoto haujapakwa rangi. Taa bado ziko kwenye maboksi. Lakini imeingia ziwani, na mimi nilikuwa ndani yake tangu kamba ilipofunguliwa hadi ilipofungwa.

Mwenyewe ameniomba nisimtaje mpaka karatasi zake zitoke, na fundi hataki foleni ya watu wa kumpigia picha. Sawa. Majina mtayasikia. Mimi nina jambo moja tu la kusema, nalo ni upana.

Najua, najua. Boti mpya ikionekana Bukavu, swali la kwanza ni motere. Iko na farasi ngapi? Inafika Goma kwa saa ngapi? Hata mimi nililelewa hivyo. Tulipokuwa wadogo tulikaa ukutani Muhumba tukibishana ni ipi itatangulia kwenye ncha ya rasi ya La Botte, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza boti ina kifua kipana kiasi gani. Jana nililipa deni hilo. Nilipofika alfajiri boti ilikuwa juu ya magogo, na motere sikuitazama kabisa. Nilipanda, nikalala kifudifudi, nikanyoosha mikono yote miwili kutoka ubavu hadi ubavu kama mvuvi anayepima kamba. Mikono haikufika. Nilipungukiwa na zaidi ya nusu ya urefu wangu!

Fundi, mzee mwenye penseli sikioni, akacheka hadi akakohoa. "Mwanangu, chukua mita. Utajivunja mgongo."

Mita ikasema sentimita 290 pale penye upana mkubwa. Urefu, mita 9. Nikapima tena. 290. Boti za faiba nilizozizoea mimi, zile tunazoziita kano rapidi, zimeishia karibu na 230. Nikakaa chini. Jamani, sentimita 60!

Mnaweza kuniuliza, sentimita 60 ni nini? Ni upana wa meza ya kahawa. Ngojeni. Kwanza mjue zile 230 zilitoka wapi, maana hazikutoka ziwani.

Boti ya faiba inayonunuliwa ng'ambo mara nyingi husafiri kama redio na viatu, ndani ya kontena. Kontena la kawaida, liwe la futi 20 au la 40, upana wake wa ndani ni takriban mita 2.35, na mlango ni mwembamba kidogo zaidi. Acha nafasi ya vidole vya wapakuaji, umebaki na 2.30. Hata zile zinazovutwa kwa trela huko zinakotengenezwa zimebanwa: Marekani sheria ya barabara inaishia mita 2.59 kwa mzigo usio na kibali maalumu, Ulaya inaishia 2.55. Umewahi kushangaa kwa nini boti nyingi za kasi zina upana unaokaribiana utadhani zimetoka tumbo moja? Mama yao ni barabara. Mchoraji hakuulizwa mawimbi yako yana kimo gani. Aliulizwa kama chombo kitapita getini. Kisha kontena linashuka Dar es Salaam au Mombasa, linapanda lori, linavuka mipaka miwili au mitatu, linateremka Rusizi, linaingia kwetu, na kinachotoka mle ndani kina umbo la sanduku lililokileta. Tunakipandisha motere, tunakipeleka mbele ya upepo wa Julai, halafu tunashangaa kwa nini mama zetu wanatapika.

Hii haikupita mlango wowote. Mataruma yake ni ya mbao za libuyu, ngozi yake ni mbao nyembamba zilizogandishwa tabaka kwa tabaka na kufunikwa faiba, na njia yote iliyosafiri ni ule mteremko kutoka kwenye mabati hadi majini, ikisukumwa na vijana ishirini na kelele za watu mia. Ndiyo sababu fundi aliweza kuchora upana anaoutaka. Na ndiyo sababu pia haitatoka Kivu maisha yake yote, labda ikatwe kwa msumeno.

Sasa hesabu, na hapa ndipo usingizi uliponitoka jana usiku. Kutoka 230 hadi 290 ni nyongeza ya robo na ushei. Lakini nguvu ya boti ya kukataa kulala ubavu haiongezeki kwa robo. Inafuata upana uliozidishwa kwa upana, kisha ukazidishwa tena kwa upana. Chukueni simu. 2.90 gawanya kwa 2.30. Jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha kwa lenyewe tena. Mmepata ngapi? Mbili! Mbili kama macho! Urefu ukiwa uleule na uzito uleule, meza ya kahawa moja imefanya kifua kiwe kigumu maradufu dhidi ya kuinama. Nilipolipata jibu hilo nilimwamsha mke wangu. Aliniambia nirudi kulala.

Basi leo tukaondoka. Tulikuwa watu kumi na mmoja na mifuko ya mchanga kwenye viti vilivyobaki, kila mmoja ukiwa abiria asiyelalamika. Motere ni mbili, za farasi 115 kila moja, hazina turbo. Na hapa kuna jambo ambalo wauzaji wa motere hawakuambii: Kivu iko mita 1,460 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi. Injini inayovuta hewa kwa mapafu yake yenyewe hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo ile jumla ya farasi 230 iliyoandikwa kwenye motere hapa kwetu inakohoa kama 195. Farasi thelathini na watano wamebaki Dar es Salaam! Ukiwa na boti nyembamba yenye mzigo, hao waliobaki ndio ungewahitaji wakati wa kupanda juu ya maji, maana kabla boti ya kasi haijaanza kuteleza lazima ivuke kile kilima cha maji inachokijenga yenyewe mbele ya pua. Wote tumewahi kukaa kwenye kilima hicho. Pua juu, mkia chini, motere inalia, mafuta yanaisha, na ufuko hausogei.

Tumbo pana linaegemea maji mengi zaidi kwa wakati mmoja. Halihitaji kwenda mbio sana ili maji yalibebe. Kapiteni akasukuma mkono wa gesi, nami nikaanza kuhesabu kwa sauti kama mtoto: moja, mbili, tatu, nne, tano, na kabla ya sita pua ikashuka, upeo wa macho ukarudi mahali pake, kelele ikageuka kuwa mluzi. Ikateleza! Na ile mifuko yote ya mchanga! Nikapiga makofi peke yangu. Mama mmoja mfanyabiashara, anayekwenda kisiwani Idjwi kila juma na aliyealikwa kwa sababu mwenye boti anamwogopa, alinitazama kama mtu anayemtazama mlevi asubuhi.

Tulipoziacha zile rasi za Bukavu nyuma yetu, vile vidole vitano vya ardhi vinavyoingia majini, tukakutana na wavuvi wa sambaza waliochelewa kurudi. Kapiteni akapunguza mwendo. Adabu hiyo mmoja mmoja bado wanayo.

Niseme wazi: chombo chenye kasi kuliko vyote Kivu kinaweza kuwa chochote, lakini chombo chenye akili kuliko vyote kuhusu upana ni kile cha wavuvi hao. Mitumbwi mitatu mirefu, myembamba, imewekwa sambamba ikiwa na nafasi kati yake, imeunganishwa kwa miti mirefu ya mkaratusi, na miti mingine imechomoza mbele na nyuma kama sharubu za kambale, tayari kubeba wavu. Wazungu wanakiita trimarani na huko kwao kinauzwa kwa bei ya nyumba. Hapa wanakipiga makasia huku wakiimba, jioni wakienda na alfajiri wakirudi, kwa sababu wimbo ndio unaopanga mikono. Sambaza wenyewe ni wageni, waliletwa mwaka 1959 kutoka Ziwa Tanganyika, na huvuliwa usiku kwa taa, usiku wa giza kuliko wa mbalamwezi. Kuwavua namna hiyo kunahitaji jukwaa lisiloyumba katikati ya maji yenye kina cha mamia ya mita, watu wakisimama, wakiinama, wakivuta wavu wote kwa pamoja. Mtumbwi mmoja usingeweza. Boti pana ingekuwa nzito mno kwa makasia. Wakachukua upana bila kuchukua tumbo! Kila mtumbwi unakata maji kama kisu, lakini chombo kizima kimekanyaga ziwa kwa miguu iliyopanuka. Watu wa pwani walilijua hilo katika ngalawa zao, gogo jembamba lenye mirengu pande mbili. Wa kwetu wakaongeza kuwa kila mguu nao unabeba mtu na samaki.

Tazameni kilichotokea wimbi letu lilipowafikia. Mtumbwi wa kwanza ukapanda, ukashuka. Ukafuata wa kati. Ukafuata wa mwisho. Miti ikapinda kidogo, ikanyooka, na yule mzee aliyekuwa akichambua samaki hakuinua hata kichwa. Wimbi lilelile liliporudi kutoka ufukoni likatukuta sisi, na boti yetu nzuri ya sentimita 290 ikafanya *tik!* kushoto, *tik!* kulia, mitikiso mikali, ya haraka, kama ungo unaopetwa. Thermosi ikaanguka.

Hapo ndipo penye utata wa starehe, nami nauandika ingawa napenda boti hii kuliko busara inavyoruhusu. Kifua kinachokataa kuinama hukataa kwa haraka. Wimbi likiinua ubavu mmoja, boti pana inataka kuufuata uso wa maji papo hapo, kisha inarudi papo hapo. Nyembamba huinama sana, lakini kwa uvivu, kama bembea. Kwa hiyo ipi ina starehe? Inategemea shingo yako na tumbo lako. Mtu wa kutapika huenda akaipenda hii, maana haimlazi. Mtu mwenye mgongo mbovu ataichukia ikiwa imesimama inangoja abiria huku mawimbi yakiipiga ubavuni. Ikikimbia, hadithi inabadilika: kasi yenyewe inaibana majini, na mtikiso wa ubavu unakaribia kutoweka.

Halafu tukageuka kurudi, upepo wa kusini usoni. Hapa nilikuwa na hofu ya kweli. Kitu kipana na bapa kikigonga wimbi kwa mbio hupiga kama kofi la kiganja, ilhali chembamba chenye ncha huingia kama ukucha. Wakubwa wa kazi hii walilijua mapema. Mwaka 1960, katika mashindano ya Miami hadi Nassau, bahari ikiwa imechafuka, Moppie, boti yenye futi thelathini na kidogo, iliyochorwa na C. Raymond Hunt na kuendeshwa na timu ya Dick Bertram, iliwaacha wenzake mbali. Chini yake ilikuwa na V kali ya karibu nyuzi 24 kutoka mbele hadi nyuma kabisa. Tangu siku hiyo kila mwenye kutaka kasi katika mawimbi anaitafuta V hiyo. Ila V kali inataka malipo: inazama zaidi, inaomba farasi wengi zaidi ili ipande, na ikisimama inayumba kama mtu aliyekaa juu ya ukuta. Ukiibana iwe nyembamba na kuipa mbio za kupindukia, inaanza kucheza yenyewe, kushoto kulia, kushoto kulia, kwa sababu imesimama juu ya utepe mdogo wa maji. Na sisi hatuna farasi wa kuchezea. Wako Dar.

Fundi wetu hajawahi kufika Miami. Alichofanya ni hiki: mbele aliichonga V kali kabisa, kisha akailegeza polepole ikielekea nyuma kama kitabu kinachofunguliwa. Kwa kipimo cha pembe cha mwanangu wa shule ya msingi nilipata nyuzi 14 pale nyuma. Kwenye kona ambapo tumbo linakutana na ubavu ameacha ukingo mpana kama kiganja, umeinamishwa chini kidogo, ili maji yanayopanda yapigwe yarudi yalikotoka. Nilikaa mstari wa tatu kutoka nyuma, na naapa, dakika zote za kurudi sikupata tone. Tone! Nikahamia mbele. Mbele ni habari nyingine. *Pa! Pa!* Meno yakagongana. Upana mkubwa kabisa aliusogeza nyuma ya katikati, kwa hiyo pale mbele bado kuna wembamba unaosaidia, lakini wimbi la tatu, lile linalokuja pale boti ingali hewani kutoka kwenye la pili, linapata bapa, na linalitumia. Ukisafiri katika boti kama hii, mwachie kijana viti vya mbele. Kaa nyuma kidogo ya katikati. Ndipo boti inapokanyagia; kila kitu kingine kinazunguka hapo.

Na kona! Kapiteni aliikata kulia kwa ghafla bila kutuambia. Boti nyembamba ya V ingelala ndani ya kona, nawe ungelala nayo, tamu kama pikipiki. Hii hailali. Inakwenda wima, inateleza kidogo nje kama gari kwenye tope la Kadutu, kisha inashika. Niliona uso wa kapiteni: alikosa ile raha ya kuinama. Lakini niliona pia kwamba mifuko ya mchanga haikusogea, na mama wa Idjwi hakushika kitu. Kwa kweli hakuwa na cha kushika.

Nalo ndilo lilikuwa tatizo lake. "Mwanangu," alimwambia kapiteni, sauti ikishinda motere mbili, "hapa katikati nishike nini? Nishike Yesu?"

Tukacheka sote, kisha tukaacha. Katika boti nyembamba kila mtu ana mdomo wa boti karibu na mkono wake. Hapa viti ni vitatu kwa vitatu na njia katikati. Wa dirishani anashika ubavu, wa njiani anashika hewa, wa kati anashika goti la jirani. Fundi aliongeza upana akasahau mikono. Sijasoma popote kasoro hii ikitajwa kwenye boti pana, na sasa naiona kila mahali.

Tuje kwenye suruali yangu. Tulipofika mwaloni nilitaka kuona inainama kiasi gani ikiwa imesimama. Tukapanga wanaume wanne ubavu mmoja. Ikainama kama mtu anayekusalimia kwa heshima, ikaishia hapo. Kwenye boti ya 230 wanne sisi tungekuwa tumeshalowa. Nikapiga kelele, "Hii njo boti!" Wenzangu wakaruka ndani bila kunionya, boti ikarudi wima kwa ule mkiki wake, na mimi nikabaki hewani, kisha ziwani. Magoti tu, asanteni kwa kuuliza.

Ila nikiwa nimesimama majini pale nikaacha kucheka, kwa sababu nilikumbuka jambo ambalo mpenzi wa boti wa ziwa hili hana haki ya kuliruka. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, ikitoka Minova, ilipinduka ikiwa karibu kufika Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiingoja ufukoni. Barabara ilikuwa imekatwa na vita; watu walipanda majini kwa kukosa njia. Ilikuwa imepakia kupita kiasi cha uwezo wake. Walioona video hawajasahau ilivyolala ubavu, ikaendelea kulala.

Upana una hila yake, na hila hiyo haimo kwenye ile hesabu tamu ya sentimita 60. Hesabu ile inasema boti inakataa vipi mwanzoni. Haisemi itakataa mpaka wapi. Mtumbwi mwembamba unakuonya kila dakika. Unaketi kwa adabu kwa sababu umekwishatikiswa. Boti pana inatulia, inatulia, unaongeza magunia, inatulia, watu wanapanda juu kutafuta hewa, bado inatulia. Kisha mdomo wa ubavu mmoja unagusa maji, ule upana uliokuwa ukikushikilia unaingia chini ya uso wa ziwa, na hakuna tena cha kukataa. Kinachoamua hapo ni kimo cha mzigo na kimo cha ubavu juu ya maji. Mfuko wa unga sakafuni ni rafiki. Mfuko uleule juu ya paa ni adui. Na mwenye boti yeyote akiitazama sitaha ya sentimita 290 haoni utulivu. Anaona nafasi.

Nilimuuliza fundi kama kuna alama ya mzigo. Akanionyesha mstari wa rangi nyekundu ubavuni, aliouchora kabla hata ya rangi yenyewe ya boti. Maji hayafai kuufikia. Nimeupenda mstari ule kuliko motere.

Mengine kwa ufupi, maana chai inapoa. Ikienda polepole inakula mafuta kuliko nyembamba, maana ngozi iliyolowa ni kubwa, kwa hiyo mwenye safari za kutembea-tembea aiache. Mwaloni inahitaji nafasi ya boti moja na nusu, na pale kwetu siku ya soko vyombo vimebanana kama sambaza kwenye sufuria. Kuna watu watatukanana. Kiti cha kapiteni kiko kulia kabisa na ubavu wa kushoto hauoni vizuri akifunga gati. Kulehemu kwa vyuma vya motere ni kuzuri mno, nilivipapasa. Sauti ndani ya boti ni ya chini, sijui kwa nini, nadhani ni mbao. Jile za kuokolea zipo, mpya, moja kwa kila kiti, na kapiteni alikataa kuwasha mpaka mimi, mimi mtaalamu, nifunge yangu.

Ningeipanda kesho kwenda Goma? Ningeipanda leo! Mstari wa tatu kutoka nyuma, dirishani.

Tulipokuwa tukifunga kamba nikamwona fundi amerudi nyuma ya mabati na kijiti. Anachora chini kwa majivu. Nikasogea: ni umbo la boti nyingine, kubwa, lenye mstari wa nje na wa ndani, mataruma yamekwishahesabiwa kwa mawe.

"Hii ni ngapi, muzee?"

"Mia tatu na kumi. Tajiri amependa. Anataka viti vinne kwa vitatu."

Nikafungua mdomo nianze habari ya upana mara upana mara upana, na mstari mwekundu, na mikono ya watu wa katikati. Mama wa Idjwi alikuwa amesimama nyuma yangu, viatu mkononi, akiitazama ile michoro kwa muda. Akavaa kandambili ya kulia, akaufuta mstari wa nje, upande mmoja kisha wa pili, mpaka ukabaki ule wa ndani peke yake.

"Weka vyuma vya kushika," akamwambia fundi. Kisha akaniuliza mimi chai iko wapi.